Gutenberg: Mwenye Akili na Mwenye Feza



Hii gazeti yetu ya stensili inatukumbusha Johannes Gutenberg wa Mainz, inchi ya Ujerumani. Huyu alijua kazi ya vyuma. Akatengeneza herufi za risasi, moja moja: unazipanga, unachapa, unazipanga tena. Kazi yake aliifanya kwa siri, wengine wasiiige.

Lakini feza hakuwa nayo. Mwaka 1450 akakopa gulden 800 kwa Johann Fust, na mwaka 1452 zingine 800. Yeye alitaka Biblia nzuri kabisa, karibu 180. Fust alitaka feza yake irudi. Mwaka 1455 Fust akamshitaki juu ya deni, akashinda. Kisha akaendelea na Peter Schoeffer, fundi aliyetumika kwa Gutenberg. Mwaka 1457 wakatoa kitabu cha Zaburi, majina yao ndani. Jina la Gutenberg halimo hata katika kitabu kimoja alichochapa. Alikufa mwaka 1468.

Leo ni nani anamjua Fust? Hata hivi, sisi tunaomaliza masomo tusisahau: akili peke yake haitoshi. Kabla ya kula feza ya mutu, tupatane naye vizuri.