Johannes Rebmann: Mtumishi Aliyeshukuru Kabla ya Mavuno

Katika kurasa za kitabu hiki yamo majina ya wachungaji, wainjilisti, walimu na wazee wa kanisa waliolitumikia shamba la Bwana katika usharika wetu kwa miaka mia moja. Ni haki na vema tuwakumbuke. Lakini kabla ya hao wote, alipita katika nchi hii ya Kilimanjaro mtu mmoja ambaye hakujenga kanisa hata moja huku kwetu, wala hakumbatiza Mchaga hata mmoja. Aliondoka mlimani akilia. Maisha yake yanatufundisha jinsi Mkristo anavyoweza kumshukuru Mungu hata pale ambapo macho yake hayaoni sababu ya kushukuru. Jina lake ni Johannes Rebmann.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alilelewa katika familia ya wakulima, na katika imani ya Kilutheri iliyokuwa imeguswa sana na uamsho wa kiroho wa siku zile. Tangu ujana wake alitamani kazi ya misioni. Alisoma katika chuo cha misioni cha Basel, Uswisi, kisha akaenda Uingereza, ambako chama cha misioni cha CMS kilimpokea na kumtuma Afrika Mashariki. Mwaka 1846 alifika Mombasa.

Huko alimkuta Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka 1844, muda mfupi tu baada ya kufika Mombasa. Kwa hiyo Rebmann hakupewa nafasi ya kujidanganya juu ya gharama ya utume wake. Kaburi lilikuwa pale, na homa nayo ikampata mara. Mwaka ule ule wa 1846 watumishi hao wawili, wakiwa wamedhoofishwa na homa, walipanda kwenda Rabai kuanzisha kituo kati ya Wanyika, watu ambao siku hizi tunawaita Wamijikenda.

Mwezi Aprili 1848 Rebmann alianza safari ya kuja Uchagani. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara, na pamoja nao walikuwa wapagazi wachache. Rebmann mwenyewe hakubeba silaha; alishika mwavuli tu. Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, walipokuwa njiani kuelekea Taveta, aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile. Bwana Kheri hakuwa na jina la kukiita, isipokuwa alijua kuwa ni baridi. Rebmann, mtoto wa nchi ya majira ya baridi, akatambua mara kuwa ni theluji.

Jambo alilolifanya baada ya hapo ndilo tunalotaka lisisahauliwe. Aliketi, akafungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111, ambayo ndiyo ilikuwa imefikiwa katika usomaji wake wa kawaida. Zaburi hiyo ni ya shukrani, na inasimulia ukuu wa matendo ya Bwana. Rebmann aliyasoma maneno yale mbele ya mlima wenyewe, akayapokea kama ahadi kwamba siku moja watu wa nchi hii watakuwa urithi wa Mungu. Basi sala ya shukrani ya Kikristo ilisomwa machoni pa Kilimanjaro kabla hajapatikana hapa Mkristo hata mmoja.

Katika safari ile alifika Kilema, akapokewa na Mangi Masaki. Mwishoni mwa mwaka huo alifika Machame kwa Mangi Mamkinga, akapokewa vizuri, akarudi Rabai na tumaini kubwa. Aliporudi tena mwaka 1849, nia yake ilikuwa kupita Machame na kusonga mbele mpaka Unyamwezi. Safari hii mambo yalibadilika. Mangi alimdai zawadi moja baada ya nyingine, mpaka vitu alivyokuwa amevichukua kwa ajili ya safari ndefu vikaisha mikononi mwake. Rebmann alishindwa kujizuia, akalia mbele ya mwenyeji wake. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba hakulilia mali. Alilia kwa kuwa vitu vile vilitolewa na marafiki wa misioni waliotamani watu wa Afrika wapate Neno la Mungu. Alirudi pwani katika mvua, mgonjwa, na mpango wake ukiwa umevunjika. Hakufika Uchagani tena.

Majaribu hayakuishia hapo. Habari ya theluji ilichapishwa Uingereza mwaka 1849, na wataalamu wengine wa jiografia wakaikataa. Aliyempinga kwa ukali zaidi alikuwa William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima wenyewe. Kwa miaka mingi Rebmann alihesabiwa kuwa mtu aliyedanganywa na macho yake. Ni baada ya Baron Carl Claus von der Decken kuja mwaka 1861, na kurudi mwaka 1862 akapanda hadi kimo cha zaidi ya meta 4,000, ndipo ulimwengu ulipokubali kwamba mmisionari yule alisema kweli.

Nyumbani pia msalaba ulikuwepo. Mwaka 1851 alifunga ndoa huko Misri. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, naye akafariki akiwa mchanga. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya mbaya, na mwenzao Jakob Erhardt akaondoka mwaka 1855. Mwaka 1857 hofu ya vita iliwafanya Rebmann na mkewe wakimbilie Unguja. Walirudi Rabai kuanza upya. Mwaka 1866 mke wake alifariki, akabaki peke yake.

Mtu wa namna hii angalikuwa na haki ya kurudi kwao. Yeye alikaa miaka 29, wala hakurudi Ulaya hata mara moja katika muda huo wote. Alifanya nini? Alifanya kazi ndogo ya kila siku. Alifundisha watu wachache waliokuja. Alikusanya maneno ya Kiswahili na ya Kinyika. Kutoka kwa Salimini, mtu wa nchi ya ziwa Nyasa aliyeletwa pwani kama mtumwa, alijifunza lugha ya watu ambao hakuwahi kuwatembelea, akaandika kamusi yake kwa subira. Pia aliitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili cha Mombasa. Wageni waliofika Rabai waliona kikundi kidogo tu cha waumini, na wengine wakasema kazi yake haikuzaa. Tusifiche pia kwamba alikuwa mtu wa msimamo mkali, asiyependa kuharakishwa katika kubatiza wala kubadilisha njia zake.

Mwisho macho yake yakapofuka. Mtu yule wa kwanza kutoka Ulaya kuiona theluji ya Kilimanjaro na kuiandikia habari zake, hakuweza tena kuona njia ya kuliendea boma la meli. Mwaka 1875 alirudi Ulaya akisindikizwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Tarehe 4 Oktoba 1876 alilala katika Bwana huko Korntal, karibu na mahali alipozaliwa. Mwaka uliofuata Krapf aliichapisha ile kamusi ya Kinyasa.

Mavuno yalikuja baada yake. Rabai ikawa usharika mkubwa, hasa baada ya watumwa waliokombolewa kupata makao huko. Mwaka 1885 CMS ilianza kazi Moshi, na mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame. Ndiyo, ni Machame ile ile ambako Rebmann alilia. Kutoka katika mbegu hiyo makanisa yaliongezeka mlimani, na mwaka 1963 Walutheri wa nchi hii waliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Ndugu washarika, nasi tunayo machozi yetu. Mwaka mmoja kahawa haina bei. Mwaka mwingine mvua inakatika mahindi yakiwa machanga. Mzazi anauza mbuzi wa mwisho kulipa ada, na kijana anarudi nyumbani bila kufaulu. Ugonjwa unaingia katika nyumba ya sala kama unavyoingia katika nyumba nyingine. Siku ya Sikukuu ya Mavuno tumezoea kuleta mikungu ya ndizi, magunia na kuku, tukashukuru kwa vilivyopo mbele ya madhabahu. Hilo ni jema. Rebmann hakupata siku ya namna hiyo. Alishukuru kwa msingi mwingine, yaani kwamba matendo ya Bwana ni makuu hata kabla hatujaonyeshwa fungu letu.

Leo barafu ya mlimani inayoitwa kwa jina lake imepungua sana. Lakini kila Jumapili kengele zinalia kuuzunguka mlima ule ule. Katika ibada ya kuadhimisha miaka hii mia moja, tunawaomba washarika na wageni wetu waifungue Zaburi ya 111 na kuisoma pamoja, kwa niaba yetu, na kwa niaba ya yule aliyeisoma hapa peke yake.