Shaaban Robert na Kioja cha Baraza la Kusadikika

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Tanga. Mwaka 1922 alikuja Dar es Salaam kusoma katika Shule ya Kichwele, jirani na Kariakoo. Mtaa huo nao ulikuwa na kioja chake: jengo waliloliinua Wajerumani kwa ajili ya kumtukuza Kaizari liligeuzwa na Waingereza kuwa kambi ya wapagazi wa vita, na mwaka 1923 likawa soko. Mwaka 1926 Shaaban alihitimu akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata cheti. Akaajiriwa ukarani katika Idara ya Forodha, akadumu humo hadi mwaka 1944.

*Kusadikika* ilipotoka mwaka 1951, mwandishi wake alikuwa mtumishi katika ofisi ya wilaya huko Tanga. Jambo hili halina budi kuzingatiwa. Aliyekula mshahara wa serikali ya kikoloni hakuweza kuikabili waziwazi. Kwa hiyo nchi aliyoisuta aliitundika angani, mahali ambapo hakuna mkuu wa wilaya awezaye kudai kuwa ni pake.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama mafunzo ya maadili, wakaupuuza ucheshi wake. Hebu itazamwe kesi yenyewe. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, yaani kwa kuwafunza watu namna ya kujitetea. Na ili kujibu shtaka hilo hana njia ila kujitetea. Kila neno lake barazani ni kosa jipya. Utetezi wenyewe unachukua siku sita, naye anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirejea na jambo la manufaa, na kila mmoja akalipwa kifungo. Mara ya kwanza msomaji hushtuka. Mara ya nne hucheka, kwani hukumu anaijua kabla haijasomwa. Marudio hayo, ambayo baadhi ya wahakiki wameyahesabu kuwa udhaifu wa msuko, ndiyo silaha ya kitabu.

Katika *Kufikirika* mzaha unazidi ukali: ili mwana wa mfalme apone, yatakiwa kafara ya mwerevu mmoja na mjinga mmoja. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1967. Mwandishi alikuwa amefariki Juni 1962, miezi sita baada ya Uhuru wa Tanganyika.