Profesa Mahalanobis na Kipimo Chake

Prasanta Chandra Mahalanobis alizaliwa mjini Calcutta, Bara Hindi, tarehe 29 Juni, 1893. Alisoma fizikia huko kwao, na mwaka 1913 akavuka bahari kwenda Uingereza. Alikusudia kusoma London, lakini siku moja alikwenda kutembea Cambridge akakosa gari moshi la kurudi. Akalala huko, akapendezwa sana na kanisa la King's College, na chuo hicho ndicho alichoingia.

Mwaka 1915, alipokuwa tayari kurudi kwao, meli ilicheleweshwa na vita. Katika kungoja, mwalimu wake alimwonyesha gazeti la takwimu liitwalo Biometrika. Alinunua matoleo yake, akayasoma melini. Tangu hapo mtu wa fizikia akawa mtu wa takwimu.

Mwaka 1920 Bwana Nelson Annandale alimwomba achungue vipimo vya miili ya watu wa Calcutta wenye asili ya Kihindi na Kizungu. Wanafanana zaidi na kundi gani? Swali hili lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana. Mtu mrefu kwa kawaida ana mikono mirefu pia. Basi anayehesabu kimo, kisha mkono, akidhani ana mashahidi wawili, kumbe amemsikiliza shahidi mmoja mara mbili. Tena, inchi moja katika kimo ni kitu kidogo, lakini katika pua ni kitu kikubwa sana.

Mahalanobis alitafuta kipimo cha umbali baina ya makundi kinachotazama vipimo vyote pamoja, na jinsi vinavyokwenda pamoja. Alikieleza kwa ukamilifu mwaka 1936, na hata leo kinaitwa kwa jina lake. Lakini kina sharti lake: uhusiano wa vipimo uwe wa namna moja katika makundi yote mawili. Asiyechungua jambo hilo kwanza aweza kupata jibu la uongo.

Mwaka 1931 alianzisha Chuo cha Takwimu cha Bara Hindi, kikianza katika chumba cha Presidency College. Kazi yake ilifika hata Afrika. Mifupa ya watu wa kale iliyofukuliwa Jebel Moya, nchi ya Sudan, kati ya 1911 na 1914, ilikuwa imewekwa Cambridge. Vijana wawili wa chuo chake, C. R. Rao na R. K. Mukherjee, walikwenda huko kuichungua, wakatumia kipimo cha mwalimu wao. Kitabu chao kilitoka mwaka 1955.

Profesa alifariki tarehe 28 Juni, 1972, siku moja kabla ya kutimiza miaka 79.

Ndugu msomaji, wako watu wengi waliopima vichwa na pua za wenzao ili wawadharau, na kipimo kimoja kiliwatosha kutoa hukumu. Maisha ya mzee huyu yatufundisha kwamba anayelinganisha watu hana budi kupima mengi, kuyatazama pamoja, na kutokuwa na haraka ya kusema.