Dihigo, kiraka aliyefungiwa mlango wa Ligi Kuu ya Marekani

KWENYE soka, ukiitwa kiraka unasifiwa nusu na kudharauliwa nusu. Beki wa kulia akiumia unaingia, kiungo akipata kadi unaingia, lakini siku kikosi kikiwa kamili unarudi benchi. Martín Dihigo, Mcuba aliyecheza besiboli kuanzia miaka ya 1920, alikuwa kiraka wa aina nyingine. Mara nyingi namba aliyopewa aliicheza kuliko mwenye namba yake.

Alizaliwa Mei 25, 1906 katika mkoa wa Matanzas, kwenye makazi ya kiwanda cha sukari. Alikua mrefu, karibu mita 1.9, na mkono wake wa kurusha ulikuwa balaa. Majira ya baridi ya 1922, akiwa na miaka 16, alisajiliwa na Habana kama mchezaji wa akiba. Mwaka uliofuata alivuka bahari kwenda Marekani kuichezea Cuban Stars ya bosi Alex Pompez.

Hapo ndipo alipokutana na ukuta. Ligi Kuu ya Marekani wakati huo haikumchukua mchezaji mweusi, awe bora namna gani. Weusi walikuwa na ligi zao, wakizunguka nchi kwa mabasi na kufukuzwa kwenye hoteli na migahawa. Nyumbani Cuba mambo yalikuwa tofauti, kwani ligi ya kule ilichanganya weusi na weupe tangu 1900. Dihigo akawa na maisha mawili: kiangazi Marekani, baridi Cuba.

Mwanzoni alikuwa mdakaji mzuri kuliko mpigaji, na mipira inayopinda ilimsumbua sana. Akaifanyia mazoezi mpaka ikaacha kumsumbua. Miaka michache baadaye alikuwa anacheza beis ya kwanza, ya pili, ya tatu, pembeni mbali kabisa ya uwanja, na juu ya yote hayo anapanda kurusha. Asiyeufuatilia mchezo huu aelewe jambo moja: mrushaji ni mtaalamu wa kazi moja, na wengi wao wakishika gongo ni aibu tupu. Yaani ni kama kipa. Sasa fikiria kipa anayeongoza pia kwa mabao.

Lakini kuweza kila kitu kuna gharama yake, na mwaka 1935 Dihigo aliilipa mara mbili. Agosti, kwenye mechi ya nyota wa Mashariki na Magharibi mjini Chicago, alianza kama mchezaji wa katikati nyuma. Mechi ilipokwenda muda wa nyongeza akaitwa kurusha. Awamu ya 11, Mule Suttles akaupiga mpira wake nje ya uwanja na mechi ikaishia hapo, Magharibi wakishinda 11-8.

Baadaye mwaka huohuo, akiwa kocha mchezaji wa New York Cubans, alifika fainali dhidi ya Pittsburgh Crawfords, timu iliyokuwa na Josh Gibson na Oscar Charleston. Fainali ilikuwa ya mechi saba, na Cubans walibakiza ushindi mmoja tu kuchukua ubingwa. Mechi ya sita wakawa mbele, chipukizi Johnny Taylor akirusha. Mwishoni Dihigo akamtoa Taylor na kujiingiza mwenyewe. Charleston akampiga mpira nje ya uwanja, Crawfords wakasawazisha na kushinda, kisha wakamaliza kazi mechi ya saba. Kocha mwingine angekuwa na mtu wa kumlaumu. Dihigo ndiye aliyefanya mabadiliko na ndiye aliyeingia.

Jamaa hakufa moyo. Mwaka 1937 alikuwa Mexico na Águila ya Veracruz, na msimu wa 1938 alifanya maajabu. Kama mrushaji alishinda mechi 18 na kupoteza 2, akiruhusu kwa wastani chini ya pointi moja kwa mechi. Kama mpigaji aliongoza ligi nzima kwa wastani wa .387, kwenye mchezo ambao ukifika .300 tayari wewe ni mkali. Águila wakabeba ubingwa. Wacuba walimwita El Inmortal, asiyekufa, na kwingine akaitwa El Maestro.

Mwaka 1947 Brooklyn Dodgers waliweka kambi ya maandalizi Havana, na Aprili wakamwingiza Jackie Robinson Ligi Kuu. Mlango ulifunguka Dihigo akiwa anakaribia miaka 41. Umri ulishamtupa mkono.

Baada ya kutundika viatu alitangaza besiboli redioni. Batista alipopindua serikali mwaka 1952, Dihigo aliondoka Cuba kwa kupinga utawala ule, na inaelezwa kuwa aliwachangia fedha waasi wa Fidel Castro. Walipoingia madarakani mwaka 1959 alirudi na kupewa kazi ya michezo. Mwaka 1961 serikali hiyohiyo ikafuta besiboli ya kulipwa, kazi iliyomlisha maisha yake yote. Yeye alibaki, akawafundisha vijana wasiolipwa hata senti.

Alifariki Mei 20, 1971 mkoani Cienfuegos, siku tano kabla ya kutimiza miaka 65, akazikwa Cruces. Cuba na Mexico zilikuwa zimeshamweka kwenye kumbi zao za heshima. Marekani ilifuata mwaka 1977, na majina ya Venezuela na Jamhuri ya Dominika yakafanya nchi kuwa tano. Desemba 2020, Ligi Kuu ya Marekani ilitangaza kuwa ligi za weusi za 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu, hivyo misimu aliyocheza Dihigo huko ikatambuliwa kuwa ya ligi kuu. Kaburi lake lilikuwa na miaka 49.