Kufundisha Maisha ya Edward Sokoine: Swali Lililoulizwa Sombetini

Mwanachuo wetu mmoja, alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi huko Sombetini, aliandaa somo juu ya maisha ya Edward Moringe Sokoine. Andalio lake la somo halikuwa na kasoro, na ramani ya Monduli alikuwa ameichora kwa mkono wake juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Alisimulia vizuri jinsi kiongozi yule alivyoishi pasipo makuu na jinsi alivyopambana na walanguzi. Ndipo msichana mmoja wa darasa la sita aliposimama akauliza: je, Sokoine angalikuwa hai hivi leo, mama yake anayepanga mafungu ya nyanya kando ya barabara angalikamatwa? Mwanachuo alijibu kwamba kipindi kimekwisha, nacho kilikuwa kimebakiza dakika kumi na mbili.

Sisi tuliokaa nyuma ya darasa na fomu ya tathmini magotini hatukumlaumu sana. Nasi hatukuwa na jibu tayari. Tumeona vyema kuyasimulia maisha hayo hapa kama tunavyodhani yangepaswa kusimuliwa mbele ya watoto, yaani pamoja na sehemu ile iliyomfanya mwanachuo wetu akimbilie kufuta ubao.

Watoto wa Sombetini hulijua jina hili kabla hawajajua kulisoma, kwa kuwa Barabara ya Sokoine ndiyo iwapelekayo mjini. Mwenye jina alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, katika jamii ya Wamasai wafugaji. Kati ya mwaka 1948 na 1958 alisoma Monduli na kisha Umbwe, upande wa Kilimanjaro. Yafaa mwalimu aweke kituo hapa kidogo. Katika miaka ile mtoto wa mfugaji aliyekwenda shule alikuwa ametolewa katika ulimwengu mmoja na kutiwa katika mwingine. Kwao, utajiri ulikuwa ng'ombe, na uhuru ulikuwa kuhama na mifugo kufuata mvua pasipo kuuliza ruhusa ya mtu. Shuleni palikuwa na kengele, foleni na daftari la mahudhurio. Wanafunzi wetu wanaijua kengele tu. Hawana budi kusaidiwa kuuona ulimwengu ule wa kwanza.

Alijiunga na TANU mwaka 1961, akaenda Ujerumani kusomea utawala mwaka 1962 hadi 1963, akarudi kufanya kazi ya utendaji katika Wilaya ya Masai, na mwaka 1965 akachaguliwa kuwa Mbunge. Vyeo vilivyofuata tusiviandike vyote ubaoni, maana watoto watakariri vyeo wakamsahau mtu. Inatosha kusema kuwa alikuwa Naibu Waziri mwaka 1967, Waziri wa Ulinzi mwaka 1972, na Waziri Mkuu tangu Februari 1977 hadi Novemba 1980.

Lakini mwaka 1967 una mambo mawili yasiyofaa kurukwa. La kwanza ni Azimio la Arusha, lililowataka viongozi wasiwe na mishahara miwili, wasimiliki hisa katika makampuni, wala wasijenge nyumba za kupangisha. Wako waliolitii kwa midomo. Sokoine ni miongoni mwa wale ambao wananchi, hadi leo, huwataja kuwa walilitii kwa maisha yao. Nyumbani kwake palibaki Monduli Juu, na mali aliyoithamini ilikuwa ile ya baba zake, yaani mifugo. La pili halisemwi sana madarasani. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo na katika mwaka 1968, mkoani Arusha, serikali iliendesha operesheni ya kuwataka Wamasai waache rubega na kujipaka ngeu, wavae suruali na magauni. Waliovaa kimila walizuiwa kupanda mabasi na kuingia katika ofisi. Hoja ilikuwa maendeleo. Basi mtoto na aulizwe: mtu ambaye vazi lake ni shuka moja na mali yake iko malishoni, ni maskini anayehitaji kuokolewa, au ni mtu aliyeridhika anayestahili kuachwa? Tukiri kwamba swali hili hutupa taabu hata sisi wakufunzi, tuvaao tai kwenye joto la Februari.

Sasa tuje kwenye kiini. Sokoine alirudishwa kwenye uwaziri mkuu tarehe 24 Februari 1983. Nchi ilikuwa imebanwa. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimemeza fedha za kigeni, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vilikuwa adimu. Hapa Arusha dhiki ilikuwa na sura yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake makuu katika mji huu, ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa mwaka huo huo. Namanga ikawa mlango wa magendo. Mwenye bidhaa alificha chini ya kitanda, akauza usiku kwa bei aitakayo.

Mwishoni mwa Machi 1983 ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Maghala yalipekuliwa, bidhaa zilizofichwa zikatolewa, na wengine waliingiwa na hofu wakatupa mali zao vichakani na mitoni. Wananchi wengi walishangilia, nasi hatuna sababu ya kuificha furaha yao. Aliyesimama foleni tangu alfajiri kwa ajili ya kipande cha sabuni alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya vita hiyo iliunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri, ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili, hakupata dhamana, wala hakuweza kukata rufani katika mahakama za kawaida. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi: kila awezaye kufanya kazi afanye, na asiye na kazi inayotambulika mjini apelekwe kijijini kulima. Katika misako ya Dar es Salaam walikumbwa hata wachuuzi wadogo, kwa kuwa kupanga bidhaa kando ya njia hakukuhesabiwa kuwa kazi.

Hapo ndipo lilipolenga swali la yule msichana, ingawa mwenyewe hakujua. Jibu la haki kwake ni kwamba ndiyo, huenda mama yake angalikumbwa.

Je, mwalimu amgeuze Sokoine kuwa mkatili? Hapana, maana ushahidi haukubali. Mwaka huo huo wa 1983 serikali aliyoiongoza iliruhusu mabasi ya watu binafsi jijini Dar es Salaam, yale yaliyopewa jina la daladala kutokana na sarafu ya shilingi tano. Novemba 1983 mpaka na Kenya ulifunguliwa. Huyu hakuwa mtu aliyechukia kila biashara. Rai yetu ni kwamba ugumu wake ulitoka katika chimbuko lile lile la wema wake. Mtu asiyetaka mengi kwa ajili ya nafsi yake hupata taabu kumwelewa anayetaka zaidi, na akiwa na dola mkononi ni rahisi adhani kwamba kiasi kinachomtosha yeye kinamtosha kila mtu. Kuishi kwa kiasi ukichagua mwenyewe ni uhuru. Ukilazimishwa, ni jambo jingine kabisa. Wanachuo wengine hawakukubaliana nasi katika rai hii, wakasema kuwa dhiki ya wakati ule haikuacha nafasi ya upole. Hoja yao ina uzito, na ndiyo maana somo hili linafaa majadiliano kuliko mhadhara.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam, gari lake liligongana na jingine huko Dakawa, mkoani Morogoro, naye akafa. Alikuwa na miaka 45. Alizikwa Monduli Juu. Baadaye mwaka huo sheria ya wahujumu uchumi ilibadilishwa na nyingine iliyowarudishia washitakiwa haki ya kuwa na wakili, na Haki za Binadamu zikaingizwa katika Katiba, ingawa zilianza kudaiwa mahakamani mwaka 1988.

Mwanachuo wetu aliomba arudie somo wiki iliyofuata. Safari hii alisimulia kwa muda mfupi tu, akiwa amewaagiza watoto wawaulize wazee nyumbani juu ya duka la kaya na foleni za mwaka 1983. Sisi tuandikao haya hatukuwa tumezaliwa wakati huo, hivyo tulisikiliza kama wanafunzi. Yule msichana alileta habari kutoka kwa bibi yake. Bibi alikumbuka siku sabuni zilipotolewa mafichoni, jinsi wanawake walivyopiga vigelegele barabarani. Alikumbuka pia kwamba kaka yake alichukuliwa kwa ajili ya magunia mawili ya sukari, akarudi amekonda, na duka lake hakulifungua tena. Mvulana mmoja akasema alistahili, kwa kuwa aliwanyima watu sukari. Msichana akasema huyo ni babu yake. Darasa likagawanyika, kila upande na hoja zake, na rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni ilipogongwa kuashiria mwisho wa kipindi, hakuna aliyeinuka.