Mama Kevina, aliyezitafutia fedha kambi za ukoma hadi uzeeni

Kila Jumapili ya mwisho ya Januari dunia huadhimisha Siku ya Ukoma. Kwa wasikilizaji wetu wa Mbebe, Tunduma na Songwe nzima, leo tunawaletea maisha ya mtawa aliyefahamu kwamba huruma peke yake hainunui chakula wala bandeji.

Aliitwa Teresa Kearney, mzaliwa wa Arklow, Ayalandi, mwaka 1875. Alibaki yatima akiwa bado mtoto. Alijiunga na watawa Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Kevin. Mwaka 1903 alifika Nsambya, Kampala, ambako alianza kutibu wagonjwa chini ya mwembe. Hapo ndipo ilipozaliwa Hospitali ya Nsambya. Waganda walimwita Mama Kevina, na jina hilo likaja kuwa neno la kuitia hospitali au nyumba ya misaada.

Mwaka 1932 alianzisha kituo cha wagonjwa wa ukoma Nyenga, na mwaka 1934 kingine Buluba, Busoga. Enzi hizo dawa ya uhakika haikuwepo. Mgonjwa aliyepokelewa alikaa miaka mingi, akihitaji kula, kuvaa na kufungwa vidonda. Gharama hiyo haikuwa na mwisho, na sehemu kubwa ilitegemea wahisani wa ng'ambo.

Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 80, aliacha uongozi wa shirika lake. Badala ya kupumzika, alikwenda Boston, Marekani, kutafuta fedha za kazi za Afrika. Alifariki huko Oktoba 1957. Mwili ulipelekwa Ayalandi, lakini Waganda waliomba arudishwe kwao, akazikwa Nkokonjeru Desemba mwaka huo.

Leo ukoma unapona kwa tiba ya dawa mseto, ambayo tangu 1995 hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Lakini dawa hairudishi vidole. Aliyekufa ganzi miguuni bado anahitaji viatu maalumu, pengine upasuaji, na mtaji wa kujitegemea. Hayo ndiyo mashirika ya hisani huhangaikia kila mwaka, na mfadhili akijitoa, huduma hupungua.

Ndugu msikilizaji, ukiona baka lisilohisi mguso, wahi kituo cha afya. Ukitibiwa mapema, hutafika kwenye ulemavu.