J. B. S. Haldane na Hesabu za Selimundu

Katika mwambao wa Kilifi na Malindi, malaria na ugonjwa wa selimundu vimekaa pamoja kwa vizazi vingi. Mtoto anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili huugua vibaya, na zamani wengi wa watoto hao walifariki wakiwa wadogo. Kwa mantiki ya kawaida, jeni inayoua kiasi hicho ingepungua kizazi baada ya kizazi hadi ikatoweka. Mbona basi haikutoweka? Njia ya kulijibu swali hili ilifunguliwa na Mwingereza ambaye shahada yake haikuwa ya utabibu wala ya biolojia. Alihitimu katika lugha, historia na falsafa ya Wayunani na Warumi, baada ya kusoma hisabati kama hatua ya kwanza tu.

John Burdon Sanderson Haldane alizaliwa Oxford tarehe 5 Novemba 1892. Baba yake, John Scott Haldane, alikuwa mtaalamu wa upumuaji aliyechunguza hewa ya sumu migodini, na mara nyingi alifuatana na mwanawe. Inasimuliwa kuwa siku moja alimwamuru kijana huyo asimame ndani ya mgodi akariri hotuba kutoka tamthilia ya Shakespeare, hadi gesi iliyotanda juu ikamlegeza magoti akaanguka. Chini akapumua vyema, kwani gesi ile ni nyepesi kuliko hewa. Malezi ya namna hiyo hayafai kuigwa, lakini kijana alijifunza mapema kwamba jambo hupimwa kabla ya kuaminiwa.

Katika New College, Oxford, alipata daraja la kwanza la hisabati mwaka 1912, kisha akageukia masomo ya kale na kuhitimu kwa daraja la kwanza mwaka 1914. Hakuwahi kupata shahada ya sayansi. Vita Vikuu vya Kwanza vilimchukua hadi Ufaransa na Mesopotamia, akajeruhiwa. Hata hivyo, mwaka 1915 makala yake kuhusu urithi katika panya, aliyoiandika pamoja na dada yake Naomi na rafiki yao mmoja, ilichapishwa.

Hisabati ile ya ujanani ndiyo iliyozaa matunda. Darwin alikuwa ameeleza uteuzi wa asili kwa maneno. Haldane aliuliza unakwenda kwa kasi gani. Kuanzia mwaka 1924 alichapisha mfululizo wa makala za kukokotoa kasi hiyo. Mfano wake mashuhuri ni nondo wa Manchester, ambao katika karne ya 19 walibadilika kutoka weupe hadi weusi kadiri moshi wa viwanda ulivyochafua miti. Alionyesha kuwa badiliko la haraka namna ile lisingewezekana ila weusi wawe na faida kubwa sana ya kuishi na kuzaa. Pamoja na Ronald Fisher na Sewall Wright, Haldane anahesabiwa kuwa mwasisi wa jenetiki ya jamii za viumbe. Mwaka 1937 alikabidhiwa uprofesa wa biometria, yaani takwimu za viumbe hai, katika University College London.

Mwaka 1948, katika kongamano la jenetiki huko Stockholm, alizungumzia thalasemia, upungufu wa damu wa kurithi ulioenea katika nchi za Bahari ya Kati. Alidokeza kuwa huenda anayeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu anakingwa dhidi ya malaria, na kwamba faida yake hufidia hasara ya anayeirithi kwa wote wawili. Wakati huo hilo lilikuwa dhana tu. Anthony Allison, mwanafunzi wa utabibu wa Oxford aliyekulia Kenya, alikusanya damu nchini humu mwaka 1949 na kukuta jeni ya selimundu imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ilhali ni haba nyanda za juu. Baadaye aliwapima watoto 290 nchini Uganda. Kati ya 43 wenye jeni moja, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113 walikuwa navyo. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1954.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Haldane alikuwa mkomunisti, na Lysenko alipoivuruga sayansi ya urithi huko Urusi, alichelewa mno kumkosoa waziwazi. Mtu aliyedai ithibati kwa kila nondo aliiachilia siasa bila kuipima. Mwaka 1957 alihamia India, akafanya kazi katika Taasisi ya Takwimu ya India, Calcutta, na hatimaye akawa raia wa nchi hiyo. Alifariki Bhubaneswar tarehe 1 Desemba 1964.

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa Kilifi mwaka 1989, na tangu 2000 kimekuwa kikisajili vizazi, vifo na uhamaji wa wakazi wa vijiji vinavyozunguka hospitali. Mwaka 2005 watafiti wake walionyesha kuwa mtoto mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa kwa takriban asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, asilimia 75 dhidi ya kulazwa kwa malaria, na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Mwaka huohuo wakagundua ajabu nyingine: thalasemia ya aina ya alfa nayo hukinga, lakini mtoto aliyerithi zote mbili, thalasemia na jeni moja ya selimundu, hupoteza sehemu kubwa ya kinga hiyo.